Sura Niliyoifinyanga Si ya Baba, na Mama Anajiandaa Kuzika

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama nitakuchosha, kwa sababu jambo hili nimelizungusha kichwani mpaka limekuwa kama uzi uliojisokota, sijui nianze kuvuta upande gani.

Mimi ni mchoraji. Si wa zile picha za kuning'inizwa hotelini, mimi nachora nyuso za watu kwa ajili ya polisi na mochwari. Mtu akiporwa anakuja kukaa mbele yangu, ananieleza mwizi alivyokuwa, nami nachora. Na mwili ukiokotwa haujulikani ni wa nani, tena umeharibika kiasi kwamba huwezi kuutoa gazetini, naitwa mimi nimchore marehemu alivyokuwa wakati anapumua, ili wenye mtu wao wamtambue. Ikiwa kilichobaki ni mifupa mitupu, natengenezewa nakala ya fuvu kwa plasta, nabandika vijiti vya raba vya kunionyesha nyama ilikuwa nene kiasi gani hapa na pale, halafu nafinyanga sura juu yake kwa udongo. Majirani wakiniuliza kazi yangu nawaambia naandika mabango, maana nikisema ukweli hakuna anayenipa mkono tena.

Sasa nikueleze nilivyofika huko, kwa sababu tatizo langu lilianzia huko huko. Baba yangu aliondoka asubuhi moja nikiwa bado sijaanza shule, alikwenda kutafuta kibarua kwenye ujenzi wa barabara, hakurudi. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyemwona na mwanamke mwingine, hakuna lolote. Picha yake ilikuwa moja tu duniani, ile ya kwenye kitambulisho, na kitambulisho aliondoka nacho mfukoni. Kwa hiyo mimi baba yangu namjua kwa maneno. Mama alikuwa anashona, mimi nimekaa sakafuni karibu na cherehani na penseli na mabaki ya karatasi za kukatia mitindo, namuuliza, "Mama, pua yake ilikuwaje?" naye bila kuinua macho anajibu, "Pana kidogo, lakini si kama ya kaka yako, yake ilikuwa imetulia." Nachora, namwonyesha, anasema, "Hapana, hiyo imekasirika." Nafuta. "Na midomo?" "Wa juu mwembamba, wa chini umejaa, kama mtu anayetaka kusema kitu akaghairi." Nafuta tena. Ndivyo nilivyojifunza kuchora, Shangazi, wengine walijifunza kwa kuchora maua, mimi nilijifunza kwa kumtafuta mtu.

Nilipokua nikawa naandika mabango ya saluni na maduka, nachora maharusi kwa kuangalia picha zao, mkono unakwenda kinywani. Siku moja muuza duka wa mtaani kwetu akavamiwa na kupigwa, na polisi walipomhoji alikuwa anatetemeka tu, nikakaa naye nikamuuliza polepole kama nilivyokuwa namuuliza mama, pua, midomo, nyusi, nikamchora yule mtu nyuma ya boksi la sabuni, na yule mtu akakamatwa. Mpelelezi aliyesimamia kesi ile akanifuata kibandani kwangu, akaniambia wana nafasi ya mchoraji na watamlipia mafunzo. Kwenye usaili wakaniuliza kwa nini naitaka kazi hii, nikasema napenda haki itendeke, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Sikusema uongo, haki naipenda kama mtu mwingine yeyote. Lakini kilichonipeleka pale ni kwamba nilisikia kila mwili usio na mwenyewe lazima upite mezani kwa mchoraji kabla haujazikwa na manispaa. Nilitaka nikae mlangoni, Shangazi, ili baba akipita nimwone.

Miaka imepita hakupita, na kazi yenyewe ikaanza kunishika kwa namna nyingine. Kuna mama mmoja alikuja baada ya kuona mchoro wangu wa kijana aliyeopolewa bwawani. Akaukodolea macho, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto daftari, "Mdomo umekosea. Mwanangu alikuwa na meno ya mbele yametokeza, midomo yake haikuwahi kukutana hata alipolala. Lakini ndiye." Nikamwomba radhi kwa ule mdomo. Akasema, "Usiniombe radhi. Nilikuwa nalia bila kujua nalia nini. Sasa najua." Akaondoka akiwa amenishika mkono mpaka getini. Tangu siku hiyo nikawa na sababu mbili za kwenda kazini, na nikawa natamani siku moja mama yangu naye apate hilo neno moja, kwamba sasa anajua.

Maana mama yangu si mke, si mjane. Fundi cherehani mwenzake, mtu mstaarabu kabisa, aliwahi kumposa, mama akamjibu, "Mimi ni mke wa mtu," akaendelea kukanyaga cherehani. Anaishi kwenye vyumba vile vile viwili alivyoachwa na baba, bati linavuja, ukuta unaliwa na unyevu, na kaka yangu mkubwa, ambaye ni fundi wa magari, amejenga nyumba na kumtengea chumba chenye dirisha kubwa, lakini kila akimwambia wahame mama ana jibu moja tu, "Nikihama, atanikuta wapi?"

Sasa mafundi waliokuwa wanachimba mtaro wa mabomba ya maji kando ya ile barabara wakakuta mifupa. Wataalamu wakasema ni mwanaume, wakataja umri na urefu, wakasema amekaa ardhini miaka mingi. Niliposikia ni barabara gani nilijua ni ile aliyokwenda kuijenga baba. Nilipaswa kusema pale pale kwamba kazi hii isije kwangu. Sikusema. Nikaichukua nakala ya fuvu nikajifungia nayo, na kwa kweli nilifuata vipimo vyote, lakini wewe usiye wa kazi hii nikwambie jambo moja, mfupa hausemi kila kitu, ncha ya pua hauisemi, masikio hauyasemi, midomo na nyusi hauvisemi sawasawa, hapo mchoraji anakisia kwa uzoefu wake. Nikafika kwenye midomo na mkono wangu haukusita hata kidogo. Wa juu mwembamba, wa chini umejaa. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua chache nikaangalia, nikakaa chini.

Kuna mhudumu wa mochwari tunamwita Jokofu kwa sababu hata msiba uwe mkubwa vipi yeye hapandi joto. Aliingia kuchukua funguo, akaitazama ile sura, akanitazama mimi, akasema, "Huyu mtu mmefanana." Jokofu hasemi neno bila kulipima. Basi nikaona yameisha. Nikamweleza mpelelezi ukweli wote, akanituma maabara nikatoa mate kwa ajili ya vipimo vya vinasaba, nikaambiwa nisubiri na nisimwambie mtu yeyote nyumbani, na hilo la kutomwambia mtu mimi mwenyewe huwa nawafundisha wanaokuja kazini wapya.

Nikasubiri. Mwenye nyumba akampa mama notisi kwamba vyumba vinabomolewa. Nikaenda jioni nikamkuta kaka amesimama mlangoni anafoka, jambo ambalo si kawaida yake, "Mama, watakuja na tingatinga, utabaki humo ndani?" na mama amekaa kitandani anasema, "Wakija nitawaeleza." Kaka akasema, "Utawaeleza nini? Kwamba unamsubiri mtu aliyekutupa?" Mama akainama kama amepigwa. Shangazi, sikuweza. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya ile sura.

Aliishika kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye shavu, kioo kikazima, akaniambia, "Mwashe." Nikamwashia. Kikazima tena. "Mwashe tena." Halafu akasema taratibu, kama anazungumza na nafsi yake, "Kumbe hakuzeeka." Alikuwa amemzeesha kichwani mwake miaka yote hiyo, amempa mvi, amempa mgongo, na kumbe alikuwa bado kijana chini ya mtaro. Akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Kaka naye akalia, akatoka nje akaegemea ukuta.

Tangu siku hiyo mama amebadilika. Analala usiku mzima. Amekubali kuhama, amefunga vyombo mwenyewe, koti la baba lililokuwa nyuma ya mlango amempa mlinzi wa dukani. Baba mkubwa ametoa sehemu ya kuzikia kwenye kiwanja chake na ndugu wameshaarifiwa. Kila nikimpigia ananiuliza, "Watatupa lini tumzike?"

Na majibu yametoka. Si baba. Hakuna undugu wowote kati yangu na ile mifupa, si wa karibu si wa mbali. Mpelelezi aliniita, akafunga mlango, akanisomea, akanipa kitambaa nikajifuta, kisha akasema maneno ambayo yananifanya nikuandikie. Alisema, "Majibu haya tumeyaona wachache. Mifupa hii imetangazwa, hakuna aliyejitokeza. Manispaa wataizika popote. Familia yako ikiidai, mimi nitafunga faili na kutia sahihi." Alisema kwa huruma kabisa, ananijua tangu siku za kibandani.

Nikamweleza kaka peke yake, nikidhani atanisaidia. Akasugua grisi kwenye vidole, kisha akasema, "Kuna mtu hana kaburi, na kuna kaburi halina mtu. Tatizo lako nini?" Nikasema siyo baba. Akasema, "Ukimwambia utamuua. Halafu utanichorea mimi picha yake."

Mazishi wanataka yawe wiki ijayo. Ile sura iko rafuni ofisini, nimeifunika kitambaa. Nimeanza kuogopa mikono yangu mwenyewe, najiuliza ni nyuso ngapi nimewapa watu zenye midomo ya baba yangu, ni watu wangapi wamepita mbele ya mchoro wangu hawakumtambua ndugu yao kwa sababu mimi nilikuwa natafuta wa kwangu. Nimeandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye mkoba. Niingie na mama kwenye uongo huu ili apumzike, au nimwambie nimvunje mara ya pili? Na mtu kama mimi, aliyeingia kazi ya watu kwa shida yake binafsi, anastahili kubaki?

Nisaidie, sina mwingine wa kumwambia.

Mfinyanzi wa Nyuso


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nimesimama, chai imepoa, na sikuona sababu ya kuipasha. Pole. Pole kwa baba, pole kwa mama, na pole kwa huo usiku ulioupitisha na majibu mfukoni.

Baada ya pole, nakuja na fimbo. Ulijua sheria ya kazi yako. Unaifundisha. Halafu ukatoa simu. Najua ulifanya kwa uchungu, nami ningekuwa pale mlangoni nikimsikia mwanaume mzima anamwambia mama yake ametupwa labda ningefanya vile vile, lakini tusiliremba: ulimpa mama yako mume ambaye hukuwa na uhakika naye, ili ugomvi uishe. Ugomvi umeisha kweli. Sasa unaona ulivyoisha.

Huyo mpelelezi wako nisalimie, na mwambie Shangazi kasema huruma ya kugawa mifupa ya watu aiweke kabatini. Mtu akifa bila jina, jina ni kitu pekee anachodai duniani. Ninyi mmelishika faili lake mnataka kumwandikia la mtu mwingine. Sikiliza. Mahali fulani kuna mama ambaye naye amekataa kuhama. Pengine naye anasema, "Nikihama, atanikuta wapi?" Ukizika ile mifupa kwa jina la baba yako, yule mama atasubiri mpaka afe, na hata kesho akiamka akaja kutoa mate yake maabara hakutakuwa na cha kulinganisha, kwa sababu mwanawe yuko kwenye kiwanja cha baba yako mkubwa chini ya msalaba au jiwe la mtu mwingine.

Na kuna la pili ambalo naona hata kaka yako na akili zake zote za gereji hajalifikiria. Siku baba yenu akizikwa, faili lake linafungwa. Hatatafutwa tena. Mtaro mwingine ukichimbwa mwakani na akatoka yeye mwenyewe, hakuna atakayewapigia simu, maana karatasi zitasema alishazikwa. Mtakuwa mmemfungia mlango baba yenu kwa mikono yenu. Mwambie kaka yako hivyo hivyo nilivyoandika.

Kaka yako usimchukie. Mtoto wa kiume wa kwanza kwenye nyumba aliyoondoka baba huwa anaambiwa mapema mno kwamba sasa wewe ndiye mwanaume, na naona amechoka kuwa mwanaume tangu hajaota ndevu. Anataka aone mwisho. Mwonee huruma, mpikie, kaa naye, lakini uamuzi huu usimpe. Aliyemwonyesha mama picha ni wewe, basi anayekwenda kuiondoa ni wewe.

Utamwambiaje? Nenda asubuhi, ameshakunywa chai. Usiende na kaka wala baba mkubwa, msiwe kundi, mama akiona kundi atajua msiba kabla hujafungua mdomo. Kaa chini alipokaa yeye. Simu iache kwenye mkoba. Usianze na maabara, usianze na vinasaba, usianze na "unajua mama, kazi yetu ina mambo mengi." Sema, "Mama, yule niliyekuonyesha siye. Nilikosea." Kisha unyamaze. Na hapa nakuonya: usikimbilie kumwomba msamaha huku unalia, kwa sababu ukilia yeye ataacha uchungu wake aje kubembeleza wako, ndivyo akina mama walivyo, na leo siyo zamu yako kubembelezwa. Msamaha utaomba jioni.

Atavunjika, ndiyo. Sitakudanganya kwamba ataamka siku ya pili anaimba. Pengine ataacha kulala tena. Pengine atasema hahami. Kaa naye humo humo kwenye unyevu, lala naye kitanda kimoja, na ongeeni kuhusu kuhama kama kuhama, siyo kama kuzika. Acheni namba za simu kwa kila mwenye duka mtaa mzima, na kwa yule mlinzi, na kwa atakayejenga hapo vyumba vikishabomolewa. Na muulize mama yako swali ambalo nahisi hakuna aliyewahi kumuuliza: yeye mwenyewe anaamini mumewe yu hai? Msikilize atakavyojibu. Watu wengi wanaosubiri walishajua zamani, hawana tu ruhusa ya kusema. Kama anataka kukaa matanga bila mwili, akae. Hilo halihitaji mifupa ya mtu.

Sasa kazi yako. Rafiki yako Jokofu alisema mmefanana, ukadhani ni ushahidi. Mwanangu, uliwahi kufikiri mama yako alikuwa anaangalia wapi alipokuelekeza midomo ya baba yako? Unasema hakuinua macho. Labda hakuinua, labda aliinua wewe umeinamia karatasi. Mtu akisahau uso huwa anaazima ulio karibu, na uliokuwa karibu ni wako. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, sikuwepo. Nasema tu kwamba ile sura ya udongo huenda haijawahi kuwa ya baba yako hata kwa maneno, na wewe mwenye taaluma ndiye uliyepaswa kuliwaza hilo kabla yangu mimi mwandika barua.

Kwa hiyo kesho omba kichwa kile kipewe mchoraji mwingine, kutoka mji mwingine kama hapa hayupo. Avunje udongo wako wote mpaka kwenye plasta, aanze upya, na wewe usiwe kwenye chumba hicho, wala usimweleze umeona nini. Michoro yako ya zamani ya wanaume wa umri ule ambao hawajatambuliwa, itoe yote, mpe mtu mwingine aipitie. Itakuuma kama kung'olewa jino. Ing'oe. Na kuanzia sasa mwili wowote unaoweza kuwa wa baba yako usikupitie wewe. Mate yako yapo maabara, hayo ndiyo yakae mlangoni.

Barua ya kuacha kazi ichane. Unaniuliza kama mtu aliyeingia kazini kwa shida yake anastahili kubaki. Wewe unadhani mimi nilianza kujibu barua za watu kwa sababu nawapenda? Nilianza kwa sababu nilikuwa nimeachwa, nyumba ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, nikataka nijue kama kuna wenzangu. Mtu anaingia na lililompeleka. Kosa lako siyo lililokupeleka. Kosa lako ni kwamba ulipofika hukumwambia mtu, ukabaki nalo kimyakimya likawa linashika udongo badala yako. Sasa umesema. Mwambie na mkuu wako wa kazi, kwa maandishi, na ile sababu yako ya pili, ile uliyopewa na mama wa kijana wa bwawani, ndiyo uende nayo ofisini.

Nenda kwa mama kabla wiki hii haijaisha. Mazishi ya kweli yanaweza kuahirishwa, ya uongo hayaahirishiki, yakishafanyika yamefanyika.

Shangazi


Wasomaji wangu, kwa kuwa mazishi yalikuwa yanakaribia sikungoja gazeti litoke, nilimpigia huyu binti simu nikamsomea jibu langu lote, naye ameniruhusu niwaeleze yaliyotokea.

Alikwenda. Kaka yake hajaongea naye mpaka leo, chakula anachompelekea gereji anapokea bila kumtazama. Baba mkubwa alikasirika kwamba ndugu wameitwa bure. Mpelelezi faili hakulifunga. Mchoraji wa mji mwingine amekuja, amefanya kazi yake, na sura iliyotoka, ananiambia binti, ni ya mtu ambaye hajawahi kumwona maishani, ana pua nyembamba na kidevu cha mtu mwenye msimamo. Imebandikwa vituo vyote vya polisi na kwenye hospitali. Mpaka naandika haya hakuna aliyejitokeza. Wewe unayesoma, kama kuna mtu wako aliondoka akaenda kutafuta kibarua na hukumwona tena, nenda kaitazame, na ukifika waombe wachukue mate yako. Haichukui muda.

Mama yake hakulia alipoambiwa. Alikaa. Aliuliza kama wana hakika, akajibiwa wana hakika. Akaufunga na kuufungua mkono wake, kama mtu aliyeshika kitu muda mrefu, binti akanyamaza kama nilivyomwambia, ingawa anasema kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Mwisho mama akauliza, "Na huyo wa watu, mama yake yuko hai?"

"Hatujui, mama."

"Basi fanyeni haraka," akasema.